Mbuzi ya Chuma

Karakana yangu, hapa Limbani, Wete,
ni futi nane kwa sita na nusu. Nimeipima
kwa utepe, kwa shibiri, na kwa mgongo wangu
usiku ule wa masika mvua iliponifungia humo.
Kushoto, Khatib Ngwali na misumari yake ya kupima kwa kilo.
Kulia, Maulidi, mshona kanzu nyeupe,
ambaye hataki cheche.

Mna mashine ya kuchomelea, mna jiriwa,
mna mabomba ya futi ishirini
yanayochungulia barabarani
kama watoto waliokataa kulala.
Nilipovuka Unguja niliuona msumeno wa umeme dukani,
umesimama wima kama ofisa wa forodha.
Nikaupigia hesabu: huu ukiingia,
fundi anabaki nje.

Basi nikachora, nyuma ya kalenda ya mwaka jana.
La kwanza lilikuwa na miguu mitatu. Lilitetema
hata chai ya Maulidi ikamwagika ukuta wa pili.
La pili lilikuwa imara, wallahi,
imara hata wanaume wawili hawakuliinua;
nikaliuza chuma chakavu,
na mnunuzi akanishukuru kwa uzito.
La tatu, diski ilibana katikati ya bomba
ikapasuka. Kipande kimoja ninacho, chini ya ukucha.
Mvua ikikaribia
hunambia kabla ya redio.

Nikaacha.
Siku kumi na moja nilikata kwa mkono,
bega langu na msumeno mwembamba,
adhuhuri mpaka alasiri kwa dirisha moja la mtu.

Usiku uliofuata Mize yuko jikoni, anakuna nazi.
Nilikuwa namtazama. Hapana, niseme kweli:
nilikuwa naitazama mbuzi.
Mbao mbili zimepishana,
msumari mmoja mnene katikati, ulimi mbele.
Hakuna kilichofungwa sakafuni. Uzito wa mkunaji
ndio unaoituliza.
Akimaliza huikunja, huisukuma nyuma ya mlango,
na jiko hurejea kuwa jiko.

Aka!
Watu walishalimaliza jambo hili kwa ajili ya nazi,
nami nahangaika na bomba la inchi moja na robo.
Nikachukua utepe: urefu wa mguu, upana wa kikalio,
pembe ya ulimi.
Mize akaniangalia. "Mbuzi anaumwa?
Mbona wampima?"

Miguu ni ya engo, imepishana vivyo hivyo.
Fundi hukaa juu yake, kilo zake sabini
zikashika kazi ya saruji.
Mbele, juu ya bawaba, mota ya pampu ya kisima,
nimeinunua kwa pesa za Mize, za kuchambua karafuu,
(hilo nalo liandikwe);
springi ya pikipiki huinyanyua ukiiachia.
Chini ya diski, debe la mafuta lililokatwa, maji nusu:
cheche huingia humo, hulia tsss, hufa,
na kanzu za Maulidi zabaki nyeupe.
Ikikunjwa huwa bapa kama marufaa.
Kilo kumi na nne. Baiskeli yaibeba hadi Mchanga Mdogo,
ukalikatie dirisha nyumbani kwake lenyewe,
si kulibuni kwa mbali ukakosea kidole kimoja.

Ila siku ya kuijaribu, msumari niliounua ulipinda.
Khatib ameshafunga. Umeme nao,
baada ya kutoweka tangu asubuhi,
umerudi saa mbili kasorobo, na nani ajuaye
utakaa muda gani?
Nikafanya nilichofanya.

Diski ikaimba, bomba likaachia,
vipande viwili vikaanguka,
kila kimoja na sauti yake. Nikagusa ukingo:
moto, na umenyooka.

Mize amesimama mlangoni,
kifuu cha nazi mkononi, maji yadondoka.
"Imekata?"
"Imekata."
Akainama, akachungulia baina ya miguu ya engo,
pale katikati, zinapopishana.
"Haya, hongera. Sasa
nirejeshee msumari wangu.
Wali unangoja tui."